Bia Hainywewi Wima

Shilingi elfu mbili na mia tano kuingia, na hapo bia bado hujanunua. Kwa pesa hizo, ufukweni Marenga pale kwetu Port Victoria, naondoka na mbuta wa kutosha nyumba nzima, pamoja na yule jirani mwenye tabia ya kupita kusalimia mwiko ukiwa sufuriani, na nauli ya bodaboda inabaki. Jijini Nairobi nilifungwa ukanda wa karatasi mkononi, nikapewa glasi, nikaambiwa karibu.

"Glasi ni yako, Mjomba," mpwa wangu akanituliza. "Unaenda nayo nyumbani."

Niliigeuzageuza. Nyumbani kwetu chombo cha ukubwa ule kina kazi moja tu, kupimia dawa ya kuku.

Mpwa wangu huyu ni kijana mzuri, hilo lieleweke. Amesoma, ana kazi, na kila mwezi anamkumbuka mamake. Ila tangu aanze kupata mshahara wa maana ameziacha bia za watu wote na kuhamia kwenye bia za krafti, zile zinazopikwa kidogo kidogo na viwanda vidogo, kila pipa na jina lake na kila jina na hadithi yake. Kila nikipanda basi la usiku kutoka Busia kuja kufuatilia faili langu la pensheni, ambalo kufikia sasa limetembea ofisi nyingi kuliko mimi, namkuta ameshanipangia. Ijumaa kuna fundi anazindua pipa, Jumamosi kuna kuonja, Jumapili kuna tamasha. Kukataa siwezi, kwa sababu nalala kwake.

Na wapishi wenyewe sina ugomvi nao. Viwanda kama Bateleur na 254 vimeonyesha kwamba Nairobi inaweza kupika bia ya heshima bila mitambo ya kujaza mtaa mzima. Ugomvi wangu ni na hawa wanaotupangia namna ya kuinywa.

Tuanze na kipimo. Mililita thelathini. Nilipouliza kama ile ni bia au ni sampuli ya maabara, mpwa alinieleza kwa upole kwamba kipimo hicho kinatoka kwenye tamasha kubwa la bia la Marekani, lililoanza mwaka 1982 katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, tamasha ambalo mtu humiminiwa aunzi moja kwa mara moja. Akaniambia pia kwamba huko ukiangusha glasi, ukumbi mzima unapiga kelele. Hata mimi nilitaka kupiga kelele, na yangu nilikuwa bado nimeishika. Chupa ya Tusker ni mililita 500. Gawanya. Utapanga foleni mara kumi na sita na bado hujaimaliza chupa moja.

Halafu malipo. Pesa taslimu hawapokei. M-Pesa wanapokea, lakini M-Pesa hainunui bia. M-Pesa inanunua vidonge vya plastiki, na vidonge ndivyo vinavyonunua bia. Mama anayeniuzia omena Port Victoria anapokea M-Pesa moja kwa moja kwenye simu yake, na omena naichukua papo hapo bila kupitia kidonge chochote. Vidonge vyenyewe vinauzwa kumi kumi, na kila glasi inakula vitatu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Kumi ukigawa kwa tatu inabaki moja. Mtoto wa darasa la tatu anajua, na mwandaaji anajua zaidi ya mtoto. Kurudishiwa pesa hakuna. Vilivyonibakia mjukuu wangu anachezea drafti.

Mlangoni alisimama askari wa kweli, mwenye kofia na virungu vyake. Huku kwetu askari akionekana penye pombe, watu hutokea dirishani. Huyu alikuwa akielekeza magari.

Tukaingia kwenye hema la kuonja. Mbele yetu kijana mwenye ndevu na aproni ya ngozi, ambaye pale kijijini ningemdhania fundi viatu, akatuambia tusinywe. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Tusinywe kwanza. Tunaanza kwa kutazama." Tukatazama. "Sasa tunanusa." Tukanusa. Yule dada wa kando yangu alifumba macho akasema anapata embe. Mwenzake akapata maganda ya chungwa. Bwana mmoja mwenye miwani, aliyeonekana kuwa na uzoefu, akasema yeye anapata blanketi la farasi, na badala ya kumpa pole wakamtikisia kichwa kwa heshima. Port Victoria hatuna farasi. Lakini nakuhakikishia kwamba kama nguo yangu ingenuka hivyo, mama watoto asingeitikisia kichwa.

"Na wewe, Mzee?" kijana wa aproni akaniuliza. "Unapata nini?"

"Kiu."

Walicheka sana, wakadhani natania.

Tulipofika kwenye ile iitwayo IPA, kila mtu akakaa sawa. Hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote, na siri yake ni hopsi, maua ya mmea unaotambaa ambayo huitia bia uchungu na harufu. Hopsi zinalimwa kwa wingi Ujerumani, na kule Marekani katika bonde la Yakima, jimbo la Washington. Zinavuka bahari, zinalipiwa ushuru, zinafika Nairobi, zinatiwa kwenye pipa kwa ukarimu usio na mpaka, na mwishowe mimi nakunywa kitu kichungu kama mwarobaini na kuulizwa kama nimeona maua. Mwarobaini ninao uani. Nikiuchemsha huwa naambiwa nina malaria, siambiwi nina ladha.

Kisha tukapewa karatasi na kalamu. Rangi, alama tano. Povu, alama tano. Harufu, alama kumi. Ladha inayobaki mdomoni, alama kumi. Nimeishi miaka mingi nikisahihisha insha za watoto kwa mwanga wa koroboi, nimestaafu kwa heshima zote, na sasa nalipa elfu mbili na mia tano ili nipewe mtihani wa kusahihisha Jumapili. Nilizipa zote C.

Katikati ya hayo ikaja habari ya tembo. Sijawahi kuhudhuria shughuli yoyote ya bia Kenya hii tembo asiletwe. Ndugu wawili, George na Charles Hurst, wanaanzisha kiwanda Ruaraka mwaka 1922. Makreti ya kwanza yanapelekwa hoteli ya Stanley mwezi Desemba. Mwaka unaofuata George anauawa na tembo akiwa mawindoni, na bia inapewa jina la tembo huyo, Tusker. Ni hadithi nzuri. Ilikuwa nzuri hata niliposimuliwa nikiwa kijana. Lakini kijana wa aproni aliisimulia huku anauza bia isiyo Tusker, na hakuna aliyemuuliza tembo anatafuta nini pale.

Haya yote nayameza. Bei nilikwisha lipa, farasi nilikwisha nusa. Kidonda changu hasa ni kimoja: uwanja mzima ule, ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, haukuwa na kiti.

Nilitafuta. Kulikuwa na meza ndefu nyembamba za kufika kifuani, za kuegemea kiwiko. Kulikuwa na marobota ya nyasi kavu, lakini hayo yalikuwa ya kupigia picha, na binti aliyevaa fulana ya waandaaji alininyanyua kwa adabu nyingi nilipokuwa ndiyo kwanza nimeshusha makalio.

"Samahani, Mzee. Viti tumeviondoa makusudi. Tunataka watu wachangamane."

Nikasimama nitazame watu wakichangamana. Kila mmoja alikuwa ameinamia simu, akiipiga picha glasi yake. Waliosemezana walisemezana kwa kupayuka sikioni, kwa sababu DJ alikuwa ameelekeza spika kwetu badala ya kuwaelekezea wezi. Bwana wa blanketi la farasi alikuwa peke yake. Foleni ya choo ndiyo iliyokuwa na mazungumzo ya maana kuliko sehemu zote. Pale nilijuana na mhasibu mmoja wa Nambale, tukagundua nimemfundisha binamu yake.

Mpwa aliwatetea waandaaji. Akasema ndivyo matamasha ya bia yalivyo duniani, yote yanaiga ile Oktoberfest ya Wajerumani. Nikamwambia basi wameiga nusu. Sherehe ile ya München ilianzia kwenye harusi ya mwanamfalme Ludwig na Therese, Oktoba mwaka 1810, na siku hizi inaanza Septemba ijapokuwa imeng'ang'ania jina la Oktoba. Hayo ni yao. Lakini ndani ya yale mahema yao makubwa kuna meza na mabenchi, safu kwa safu, na desturi ni kwamba asiye na mahali pa kukaa hahudumiwi. Umesimama? Mhudumu anakupita na makopo yake ya lita moja moja kana kwamba wewe ni nguzo ya hema. Mjerumani, pamoja na haraka zake zote, anajua kwamba bia hainywewi wima.

Anajua pia Mteso.

Kama una miguu inayouma na hujawahi kufika mitaa ya nyuma ya Malaba, huko yanakoishia malori yale ya foleni ya mpakani na kuanza mashamba ya mihogo, nenda Jumamosi alasiri. Mimi hupelekwa na shemeji yangu, aliyeoa huko. Mama pima ana kivuli cha mwembe na mtungi mmoja mkubwa wa ajono katikati, umefukiwa kidogo ili usiyumbe. Kuzunguka mtungi kuna viti. Vigoda, viti vya kukunja, benchi lililotoka shule fulani ambalo mimi kama mwalimu sikuuliza limetokaje, na kiti kimoja cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, ambacho hupewa mgeni. Hakuna aliyesimama isipokuwa kuku.

Ajono haiandaliwi kwa papara. Unga wa wimbi unalowekwa na kuachwa uchache kwa siku kadhaa, kisha unakaangwa kwenye bati juu ya moto mkali hadi unakuwa chenga za kahawia, zinaanikwa. Baadaye zinatiwa maji na kimea cha wimbi lililochipuzwa, zinaachwa zichemke zenyewe bila moto. Siku ya kunywa, mtungi unajazwa uji huo mzito na birika la maji moto linapita. Mama anamimina, anangoja kidogo, povu linapanda, na kila mtu anachomeka mrija wake. Mirija ni mirefu, mingine inazidi urefu wa mtu, na nchani ina chujio la kusukwa ili makapi yabaki mtungini. Wazee wa zamani waliitembeza yao kwenye mianzi. Siku hizi wengi wana ya plastiki, na shemeji yangu ana mmoja wa rangi ya bluu ambao naamini ulianza maisha kwenye gari.

Pale kanuni ni nyingi kuliko za kijana wa aproni, ila hazitangazwi, unazifahamu ukizivunja. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hupulizi, maana mapovu ya kinywa chako si zawadi kwa wenzako. Huchungulii ndani ya mrija wako kana kwamba unatafuta kitu. Chafya, geuka uende nayo kwingine. Na mtu hachangii mtungi na mama mkwe wake, hata kama mtungi ndio huo mmoja kijiji kizima. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Ivan Karp, alikuja kuishi na Wateso wa upande wetu huu wa Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1980 akachapisha insha nzima ya kitaaluma kuhusu wanavyokunywa pombe. Profesa alifunga safari kutoka Marekani kuja kutazama watu wameketi. Waandaaji wetu wa Nairobi wangepanda tu basi.

Msidhani pale hakuna kuonja. Kupo, na majaji ni wakali kuliko wa jijini. Tofauti ni kwamba hawapewi karatasi. Mzee mmoja, fundi baiskeli, huvuta funda moja, akanyamaza, akavuta la pili. Kisha anasema, bila kumtazama mtu, "Mama, hili umelikaanga ukiwa na hasira." Na mama anajibu kutoka jikoni kwamba ndiyo, bati lilishika moto mtoto alipokuwa anamsumbua. Yameisha. Rangi, povu, harufu, ladha inayobaki mdomoni na hali ya nyumba, vyote kwa sentensi moja.

Nisije nikawadanganya kwamba Malaba ni peponi. Moshi wa jikoni unakufuata kila unapohamishia kiti. Kuna dereva mstaafu ambaye kila juma anasimulia lori lile lile lililokwama mpakani kwa wiki mbili, na kila juma wiki zinaongezeka. Kuna anayelala na mrija mdomoni, na huwezi kujua kama bado anakunywa. Na bili ikifika, wanaume wazima hukumbuka ghafla ng'ombe ambaye hajafungwa. Chang'aa siizungumzii hapa. Hiyo imeua na kupofusha watu, na haina kichekesho.

Niliona nimlipe mpwa wangu kwa wema wake. Alipokuja likizo nikampeleka Busia, nikamwambia leo tamasha nimeandaa mimi, kiingilio bure. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, afisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa jengo moja, na kuvuka kumekuwa jambo la dakika. Si kwamba wenyeji walikuwa wakingoja kituo. Wanywaji wa Busia wamekuwa wakivuka tangu zamani kufuata bei, na waliongezeka ilipokuja ile sheria ya mwaka 2010 tuliyoibatiza jina la John Mututho, mbunge wa wakati huo, iliyosema baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Upande wa pili saa inasomwa kwa jicho jingine.

Tulivuka, tukaketi. Narudia, tukaketi, kwenye baa ya kawaida yenye viti vya plastiki, na mpwa akatoa kijidaftari chake. Akaonja Eagle, ile bia ya mtama wa Epuripur uliotafitiwa kule Serere, katika Teso ya Uganda, akaandika "nafaka". Hapo alipatia. Kisha akahamia Nile Special ya Jinja, akaipenda, akaandika mistari mitatu. Akaagiza nyingine. Nikamkumbusha kwamba Tusker anayoijua ina kilevi cha asilimia 4.2 na hiyo iliyo mbele yake ni 5.6, na kwamba vijana wengi wa upande wetu wameanguka kwa kuhesabu chupa za Jinja kwa hesabu ya Ruaraka. Akaniambia Mjomba, mimi nimeonja bia za asilimia tisa. Nikamwambia, kwa kijiko.

Saa moja usiku mwandiko wake ulikuwa umeanza kupanda mlima. Saa mbili aliandika kitu ambacho mimi, niliyesoma miandiko ya watoto wa darasa la kwanza, sikuweza kukisoma. Tulimrudisha kwa bodaboda, usafiri uliozaliwa papa hapa mpakani kwa ajili ya kubeba watu na vitu visivyoweza kutembea vyenyewe, dereva mbele, mpwa katikati, mimi nyuma nikiwa ndio mkanda.

Asubuhi alikiri kwamba alifurahi kuliko kwenye tamasha. Nilimuuliza kwa nini. Akafikiri, akanywa maji, akasema hajui, labda ni hewa ya ziwa. Ziwa liko mbali na Busia. Ni kiti, nilitaka kumwambia, lakini kichwa kilikuwa kinamuuma na nikamwonea huruma.

Sasa amenitumia ujumbe kwamba kuna tamasha jingine, kubwa zaidi, mafundi wengi zaidi, na mwaka huu glasi wameibadilisha, ni ndogo zaidi lakini ina mguu. Glasi ina mguu wa kusimamia, mimi sina kiti cha kukalia. Nimemjibu kwamba nitakuja, maana faili nalo limehamia ofisi mpya na lazima nilifuate.

Waandaaji, kama mnanisoma, ombi langu ni dogo. Bei pandisheni mkitaka, mlishaipandisha. Vidonge uzeni kumi kumi. Tembo mleteni, farasi mleteni, DJ mwacheni na spika zake. Ila leteni viti. Si lazima viwe vya fahari. Mabenchi ya kukodi kanisani yanatosha, na mzee akishaketi msimnyanyue kwa ajili ya picha. Na tarehe mkishaipanga itangazeni mapema, kwa sababu basi la usiku kutoka Busia siku ya Ijumaa hujaa, na kusimama hadi Nairobi sisimami.